Mtu Ninayempenda: Kiswahili na Tamthilia za Asia

Maneno haya niliyasema jioni moja hapa Mombasa, mbele ya wapenzi wa filamu na wanafunzi wanaosomea tafsiri. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Shikamooni wakubwa zangu mlioketi mbele. Vijana, hamjambo.

Walionialika waliniomba nizungumze kama shabiki, na hilo naliweza. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona mji huu miaka kumi na tisa: madera, buibui, sare za shule kila Januari, na Ramadhani ikifika sipati usingizi kwa kanzu za Idi. Kazi hii inayafunga macho na kuyaacha masikio huru. Kutwa nzima macho yako kwenye pindo, kwa hiyo fundi husikiliza. Kwanza nilikuwa mtu wa redio, kisha nikawa mtu wa tamthilia za nje zilizotiwa sauti, zile unazoweza kuzifuata huku mguu uko kwenye kanyagio.

Halafu mpwa wangu akaniwekea kwenye simu tamthilia ya Kikorea yenye maandishi ya Kiingereza chini. Nikakwama. Ukiinua macho kusoma, mshono unakwenda kombo. Ukirudisha macho kwenye kitambaa, wameshasema mambo matatu yamekupita. Nikajaribu siku mbili, nikaharibu kola ya mteja, siku ya tatu nikazima cherehani nikakaa kitako nikatazama. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika utu uzima wangu kutazama kitu bila kushika kazi mkononi.

Ilikuwa Reply 1988, ya mwaka 2015, sehemu 20. Familia tano zinaishi kichochoro kimoja, mtaa wa Ssangmun-dong, mjini Seoul. Katika sehemu ya kwanza jioni inaingia, kila mama amepika kitu kimoja kingi, anamkabidhi mtoto bakuli ampelekee jirani. Jirani naye hawezi kumrudisha mtoto mkono mtupu. Basi watoto wanapishana kichochoroni na mabakuli, huyu anakwenda na huyu anarudi, mpaka kila meza imejaa vyakula ambavyo mwenye nyumba hakuvipika. Mimi nimebeba mabakuli hayo. Nimeyabeba Majengo, mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, na nimetukanwa kwa kumwaga mchuzi wa watu njiani. Sikujua Korea Kusini kuna mtoto aliyekuwa akifanya kazi yangu.

Kutoka hapo nikafika kwenye BL, hadithi za mapenzi baina ya vijana wa kiume, na hiyo ndiyo sababu hasa niko mbele yenu.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kukaa nami baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Kiingereza hasomi, na daktari alikuwa amemkataza kukodolea kioo cha simu. Akawa anakaa kwenye mkeka kando ya cherehani anachambua mchele kwa kupapasa, mimi namsomea kwa sauti. Jicho langu linasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Nikawa mfasiri pasipo kusomea. Na yeye, kwa kuwa haoni maandishi, alikuwa anasikia kitu nisichokisikia mimi: sauti zenyewe.

Tulikuwa kwenye SOTUS, tamthilia ya Kithai iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2016. Jina hilo ni herufi za mwanzo za maneno matano ya Kiingereza, yenye maana ya ukubwa, utaratibu, mila, umoja na ari. Ni mfumo wa vyuo vikuu vya Thailand, wanafunzi waliotangulia huwapigisha kwata wageni wa mwaka wa kwanza. Arthit ndiye kiongozi wa wakubwa hao, mkali, sauti juu, kumbe akiwa peke yake kinywaji chake ni maziwa ya barafu yenye rangi ya waridi kama sharubati ya harusi. Kongpob ni mwanafunzi mpya asiyekubali kuonewa akanyamaza.

Mama akasimamisha mikono kwenye ungo. "Huyu kijana," akasema, "kila akimsemesha yule mkali kuna kitu anakitanguliza. Pii. Pii Athit. Hilo pii ni nini?"

Mimi nilikuwa sijalisikia hata mara moja. Maandishi niliyokuwa nayo yaliandika jina tupu, Arthit. Nikarudisha nyuma, nikaziba macho kama yeye, nikasikiliza. Kweli lipo, kila mara. Nikauliza kwa wanaojua: "phi" kwa Kithai ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike, na "nong" ni aliyekufuata. Watu huitana hivyo hata kama hawana undugu wa damu, kwa umri tu, dukani, kazini, chuoni.

Nilipomweleza Mama alinitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni. "Si ndiyo kaka hiyo? Mbona hukuniambia? Mwenzake anamgombeza mbele ya watu, na yeye bado anamwita kaka. Mtoto ana adabu huyo."

Jamani, hadithi nzima iligeuka pale pale mkekani. Kwa maandishi ya Kiingereza, Kongpob alikuwa kijana jeuri anayemwita mkubwa wake kwa jina. Kwa Kithai alikuwa anampinga mkubwa wake na kumheshimu katika pumzi moja. Baadaye anapoanza kumpenda, neno lile lile la heshima linabeba mapenzi, halibadiliki herufi hata moja, linabadilika namna ya kutamkwa. Utamu wote wa SOTUS umo humo. Sehemu 15, na mimi nilikuwa nakula maganda.

Basi hili ndilo nililokuja kulisema. Tamthilia za Asia zinatufikia kwa mlango wa Kiingereza, na mlango huo ni mwembamba kuliko mzigo. Kiswahili kina nafasi ambayo Kiingereza hakina. Tuna kaka, dada, shangazi, mwanangu kwa mtoto asiye wetu. Tuna shikamoo na marahaba. Mkorea anapoacha usemi wa heshima na kuanza kusema na mwenzake kirafiki, katika hadithi ya mapenzi hiyo ni hatua kubwa kama kushikana mikono, na mtazamaji wa kule hushtuka. Kwa Kiingereza hakuna kilichotokea. Kwa Kiswahili mfasiri mwenye sikio anaweza kulionyesha: leo alisema "shikamoo, kaka", kesho amesema "mambo", na sebule nzima imeelewa.

Liko jambo la pili, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kijana kwenye tamthilia ya Kithai anamwambia mama yake, au rafiki yake, kwamba yupo mtu anampenda. Kithai kina neno "khao", na hilo ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Neno la mpenzi ni "faen", nalo halisemi jinsia. Kijapani mara nyingi hakimtaji hata mtendaji, na "koibito" ni mpenzi tu. Kikorea kadhalika, "aein" ni mpenzi tu. Kwa hiyo kijana anaweza kuifungua roho yake nusu. Anasema ukweli mtupu bila uongo wowote, na bado siri yake iko salama, kwa sababu lugha imemsitiri. Mtazamaji wa kule anakaa roho juu: mama ataelewa? Atauliza ni nani?

Chini ya kioo Kiingereza kinaandika "him". Basi. Siri imetoka kabla kijana hajaitoa mwenyewe, na yule mama aliye kwenye kioo anaendelea kukaa gizani wakati sisi tumeshaambiwa. Nimeona mara nyingi tukio zuri namna hiyo likifa kwa neno la herufi tatu.

Sasa lisemeni kwa Kiswahili. "Mama, kuna mtu ninampenda." "Anakupenda?" "Sijui kama ananipenda." Siri ipo pale pale, haijavuja hata tone. Tumezaliwa na lugha inayojua kusitiri namna hii, tunaitumia kutwa bila kuiona. Nusu ya mashairi ya mapenzi ya pwani yameimbwa hivyo, nampenda, simtaji, na msikilizaji akabaki anakisia. Mimi nilipomsomea Mama tukio la namna hiyo nilitafsiri "nampenda" kwa mazoea tu, na yeye akabaki kwenye wasiwasi ule ule wa mtazamaji wa Bangkok, wakati mimi niliyesoma "him" nilikuwa nimeshakosa.

Mtaniuliza, na huyo mama yako aliyapokeaje mapenzi yenyewe? Nitasema kama ilivyokuwa. Alikuwa amewadhania marafiki. Ilipofika mahali pasipo na shaka tena, akaniuliza, "Hawa wanapendana?" Nikasema ndiyo, Mama. Akanyamaza, akapepeta mchele. Mimi kanyagio niliiacha, moyo unanidunda, maana ni mwanamke wa swala tano na mimi ndiye niliyemletea. Kisha akauliza, "Na mama zao wanajua?" Nikasema bado. Akasema, "Soma basi, tujue watawaambiaje."

Simwombi mtu hapa abadili imani yake, na yangu naijua mwenyewe na Mola wangu. Lakini sitazungumza kana kwamba hadithi hizi ni za mwezini. Tarehe 24 Mei 2019 Taiwan ilikuwa ya kwanza Asia kuanza kuwaandikisha ndoa watu wa jinsia moja. Siku hiyo hiyo, Mei 24, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitupilia mbali ombi la kufuta vifungu vya sheria ya jinai vinavyowahusu watu hao hao. Nilikuwa nimeweka tamthilia ya Taiwan kwenye simu na habari za Nairobi kwenye redio. Nilishona vibaya siku ile. Thailand nayo sheria yake ya ndoa ilianza kutumika tarehe 23 Januari 2025. Kwa hiyo mtazamaji wa Bangkok na mtazamaji wa Mombasa wanatazama tukio moja kwa hofu mbili tofauti, na mfasiri wa Kiswahili lazima ajue anamfasiria nani. Kuna kijana mahali anasikiliza kwa spika ya sikioni, chumba kimoja na ndugu watatu. "Nampenda" ya kwenye tamthilia inamtosha. Msimtie "yule mwanamume" mdomoni.

Tuje China, maana kule somo la kusitiri limefika mbali. The Untamed ilitoka mwaka 2019, sehemu 50, waigizaji Xiao Zhan na Wang Yibo, kutoka riwaya ya mwandishi anayejiita Mo Xiang Tong Xiu. Katika riwaya mashujaa wawili, Wei Wuxian na Lan Wangji, ni wapenzi waziwazi. Kwenye runinga hairuhusiwi, kwa hiyo mapenzi yote yakahamishiwa kwenye macho, kwenye filimbi na kinanda cha nyuzi, na kwenye neno moja: "zhiji". Maana yake ni mtu anayekujua, anayeijua nafsi yako. Wei Wuxian anamwambia Lan Wangji kwamba zamani alimhesabu zhiji wake wa maisha, na mwenzake anajibu kwamba hata sasa ni hivyo. Kiingereza kimehangaika na neno hilo, mara rafiki wa roho, mara msiri. Mimi nilipolifikia nilimwambia Mama "mwandani". Halikunichukua muda, lilinitoka lenyewe. Mwandani: mtu wa ndani yako. Washairi wetu wamelitumia kwa mpenzi na kwa rafiki wa chanda na pete, na hakuna anayekulazimisha useme ni yupi. Mchina aliyelitafuta neno lake kwa sababu ya wakaguzi, na Mswahili aliyelirithi kwa babu zake, wamekutana hapo.

Na niseme neno langu juu ya wakaguzi. Miaka miwili baada ya The Untamed, mwezi wa Septemba 2021, mamlaka za utangazaji za China zilitoa amri dhidi ya wanaume wanaoonekana laini kwenye runinga, na kazi zilizotokana na riwaya za aina hii zikafifia. Wapo mashabiki wanaosema heri hivyo, kuzuiwa kulileta ufundi, yale macho yasingekuwepo pasipo marufuku. Sikubaliani. Nimetazama Cherry Magic ya Japani, ambako hakuna aliyezuia kitu, na macho yapo, na subira ipo.

Hiyo Cherry Magic niikalie kidogo, ya TV Tokyo, mwaka 2020, sehemu 12 fupi. Adachi ni karani mpole kwenye kampuni ya vifaa vya ofisi, ametimiza miaka 30 hajawahi kuwa na mtu, na kutoka siku hiyo akimgusa mtu anasikia mawazo yake. Asubuhi lifti imejaa, wamebanana kama abiria wa matatu ya saa moja, bega lake linamgusa Kurosawa, mfanyakazi mwenzake mtanashati anayependwa na ofisi nzima, na Adachi anasikia mapenzi. Yamlengayo yeye, Adachi. Uso wa Kurosawa hauonyeshi lolote. Ameshika mkoba wake, anatazama mbele.

Hadithi ingeweza kuwa ya vichekesho tu, na mwanzoni ni hivyo. Lakini angalieni Kurosawa akoje. Sehemu ya tatu, kwenye tafrija ya kazini, mchezo unawalazimisha wabusiane mbele ya watu. Adachi anaogopa, Kurosawa anaiona ile hofu, na anambusu kwenye paji la uso tu ili mchezo uishe. Anampenda hadi kichwa kinamuuma, nafasi amepewa na ofisi nzima inapiga makofi, na anaiacha ipite kwa sababu mwenzake hajaridhia. Wanaume wangapi kwenye tamthilia zetu za mchana wangefanya hivyo? Mimi nimelelewa na filamu ambazo msichana anashikwa mkono kwa nguvu, anapiga kelele, kisha muziki unaanza tujue kuwa ni mapenzi. Kurosawa aliponifundisha jambo hilo nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto, na nililia.

Mara nyingi naulizwa, mwanamke wa umri wako unatafuta nini kwenye hadithi za vijana wa kiume? Jibu la kwanza ni kwamba wanawake ndio walioianza kazi hii. Miaka ya 1970 kule Japani, wachoraji wa katuni kama Hagio Moto na Takemiya Keiko walichora hadithi za wavulana wanaopendana, kwenye magazeti ya wasichana, na wasichana wakazisoma. Jibu la pili ni langu. Katika hadithi ya mume na mke, kabla hawajafungua mdomo najua nani atapika. Hapa sijui. Lazima wakae waulizane. Hayo maulizano ndiyo ninayoyatazamia.

Ndiyo maana nakasirika zinapoharibu. Zipo nyingi mbovu, nami sitazitetea kwa kuwa ni zetu. Zile za mwanzo za Kithai zilijaa mabusu ya kulazimishana, na ulevi ulikuwa kisingizio cha kila kitu. SOTUS yenyewe niipendayo, sehemu ya kwanza, Kongpob anamwambia Arthit kwamba atamfanya mke wake, kisha kila kilicho cha mke kitakuwa cha mume. Mama alisikia hilo akaguna, nami nikaguna naye. Tumekimbia nyumba yenye mke na mume waliopangiwa viti, tumekuja huku, na bado mnatupangia viti? Kwa bahati nzuri kazi zilizofuata zilijisahihisha. Kosa jingine ni matangazo yaliyopenyezwa: kijana anatokwa na machozi, mara kopo la poda linaletwa kioo kizima. Na zile chuo baada ya chuo, uhandisi dhidi ya usanifu majengo. Nipeni watu wanaofanya kazi.

Kosa kubwa zaidi ni letu mashabiki. Kampuni huwauza waigizaji wawili wawili, kama jozi ya viatu, na sisi tunanunua, kisha tunadai wapendane kweli nje ya kamera. Mmoja akionekana na mchumba wake, matusi. Kijana amefanya kazi yake, amelia alipoambiwa alie, amekwenda nyumbani. Muacheni aende nyumbani. Nikimshonea bibi harusi gauni sina haki ya kumchagulia mume.

Kuhusu Kiswahili, wapo wanaoniambia haiwezekani, soko halipo, sauti zetu hazifai. Imeshawezekana. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikisema Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Niliiona kwa shangazi yangu Tanga, sebule imejaa wanawake, hakuna aliyejali kwamba yale ni ya Beijing. Mkaza mwana kati ya mama wakwe, nani hapa hamjui? Rais Xi Jinping mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Ikiwa mama mkwe wa Kichina alipata Kiswahili chake, Adachi na Kurosawa wana kosa gani? Kila jioni nalipa bando kutazama, na katika miaka hii yote sijapata BL hata moja yenye Kiswahili chini, sembuse sauti.

Kwa BL mimi nataka maandishi ya chini kwanza, sauti baadaye, na natamka hilo nikiwa mtu ambaye maandishi yalimharibia kola. Ma-DJ wetu wanaosimulia filamu kwa Kiswahili nawapenda, filamu ya mapigano bila wao haina chumvi. Lakini ustadi wao ni kujaza kimya, na hadithi hizi zinaishi ndani ya kimya. Kurosawa ndani ya lifti akiongezewa mzaha mmoja tu, amekwisha.

Wala msidhani Kiswahili kitashinda kila mahali. Marafiki wa Kithai wakiwa peke yao husema "ku" na "mueng", mimi na wewe za kihuni, ambazo ukimwambia mzee umemtukana. Siku wawili kati yao wanapoziacha na kuanza kusemezana kwa upole, kila Mthai anajua kimetokea nini. Sisi tuna mimi na wewe basi, na nimejaribu "wee bwana" nikaona haitoshi. Tena tuna "kuoa" na "kuolewa", maneno yaliyopanga viti kuliko hata lile la Kongpob. Hapo nilikwama wiki nzima, mpaka nilipokumbuka "kuoana". Lipo, linatumika, ni letu.

Vijana wa tafsiri, nawaomba muanze na kazi fupi. Mimi ningechagua What Did You Eat Yesterday?, ya mwaka 2019, inayohusu watu wa makamo hatimaye. Shiro ni wakili, Kenji ni msusi, wanaishi nyumba moja Tokyo, wote wamepita miaka arobaini. Shiro ana bajeti ya chakula ya mwezi na haivuki, anasoma karatasi za bei dukani kama mimi ninavyozunguka Kongowea kutafuta kitunguu cha bei ya chini. Anapika, tunaona kila kitu kikikatwa, kisha wanakaa wanakula. Hakuna zaidi ya hapo na sijawahi kuchoka. Mama aliipenda kuliko zote, kwa sababu chakula kikichemka unakisikia.

Kuna neno moja tu limenishinda humo, na nililibeba kuja nalo kwenu. Jioni Kenji anafungua mlango anasema "tadaima", nimefika nyumbani. Shiro jikoni anajibu "okaeri". Maandishi ya Kiingereza yanaandika karibu nyumbani, na mimi nilimsomea Mama hivyo hivyo. Akakataa. "Karibu ni ya mgeni," akasema, "huyu ni wa humu." Nikajaribu hodi, akacheka, nani anapiga hodi kwake? Nikajaribu salamu tunayoingilia nyumbani, akasema hao si Waislamu, usiwasilimishe kwa nguvu. Nikamwambia, Mama, marehemu baba akirudi ulikuwa unamwambiaje?

Akafikiri. "Nilikuwa namwambia, umerudi?"

"Anarudi unamwona, halafu unamuuliza umerudi?"

"Ndiyo. Na yeye anasema, nimerudi."

Nimeliandika hivyo kwenye daftari langu la vipimo, kati ya kiuno cha mteja mmoja na urefu wa mikono wa mwingine. Umerudi? Nimerudi. Kijapani kinaanza na anayeingia, sisi tumeanza na aliyebaki, na sijui kama mfasiri ana ruhusa ya kugeuza zamu ya watu kusema. Aliye na jibu asiondoke kabla hajaniona. Ahsanteni sana.